Mbuzi wangu wa 2020

Vijana pale kwa kinyozi wameanza tena: "Mzee, mchujo wa Agosti unampa nani?" Ni kura ya vyama kuchagua wagombea wao, nami simpi mtu. Mbuzi niliyempoteza kwa dau la 2020 bado ananiuma.

Mwaka ule kura za mchujo wa urais hapa Minnesota, Marekani, ziliangukia Machi 3. Nilikuwa na daftari kabisa, nimewapanga wagombea wa chama cha Democratic kwa asilimia kama mtu wa mikeka ya mpira. Joe Biden nilimkata kwa kalamu nyekundu: majimbo ya mwanzo kupiga kura, Iowa wa nne, New Hampshire wa tano, huyo unamtafutia nini? Amy Klobuchar ni seneta wetu, nikasema nyumbani hashindwi. Nikaweka mbuzi mzima.

Halafu Februari 29 South Carolina ikampa Biden karibu nusu ya kura. Jumatatu, siku moja tu kabla ya zamu yetu, Klobuchar akajitoa na kumuunga mkono Biden! Nilisoma habari kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, nikakaa chini. Kesho yake Biden akabeba Minnesota, mpinzani wake Bernie Sanders wa pili.

Aliyenilia mbuzi hakuwa na daftari. Alikuwa akirudia tu, "Ngojeni weusi wa South Carolina waseme." Na mifupa aliinyonya mbele yangu, taratibu.

Sasa ya Agosti nawaambia moja tu: karatasi ya kura ina safu za vyama, chagua safu moja. Ukitia alama kwa vyama viwili, kura haihesabiki. Nani atashinda, kamuulizeni aliyekula mbuzi.