Nilivyoagiza LM358 Nikaletewa Vipunje

Chaja ya betri ya mteja ilikuwa imekufa kwa sababu ya aisi moja (chipu ya kielektroniki), LM358, ya miguu minane, iliyochomekwa kwenye soketi ya bodi. Kosa dogo, nikasema. Nikaagiza kumi mtandaoni kwa kuandika namba hiyo na kuchagua ya bei ya chini. Wiki tatu baadaye nafungua bahasha: vidude vyembamba, nafasi kati ya mguu na mguu milimita 1.27. Soketi yangu inataka 2.54.

Nilichoagiza kilikuwa LM358DR. Kumbe LM358 ni jina la ukoo tu. Mtoto mwenyewe yuko kwenye herufi za mwisho. Kwa Texas Instruments, D ni umbo dogo la kuchomelewa juu ya bodi, R maana yake imefungwa kwenye rili, yaani gurudumu la mkanda, kwa ajili ya mashine za kiwandani. Niliyoitaka ni LM358P. Nikaichukua ile iliyoungua, nikaifuta masizi kwa spiriti, nikaiweka chini ya lenzi: P ipo pale mgongoni, siku zote ilikuwepo.

Basi nikajiona mjuzi. Nikahamia kwa mtengenezaji mwingine, STMicroelectronics, nikaanza kutafuta P. Nusura nilie mara ya pili! Kwao P ni umbo dogo zaidi hata ya lile la kwanza, miguu imeachana milimita 0.65, ya kuchomeka kwenye soketi wao wanaiita N. Tangu hapo sikariri herufi. Nafungua datashiti, yaani hati ya maelezo ya kifaa, ya mtengenezaji huyohuyo, naenda kwenye jedwali la kuagizia, ambalo mara nyingi liko kurasa za mwisho, kisha napima kifaa cha zamani kwa venia, ile rula ya taya ya kupimia vitu vidogo, kabla ya kulipa.

Namba za mbele nazo zina lake. LM258 na LM158 ni ndugu wa LM358, ila kwa Texas Instruments hiyo yangu imeandikiwa nyuzijoto za Selsiasi 0 hadi 70, LM258 −25 hadi 85, LM158 −55 hadi 125. Kwa chaja inayokaa juani, sasa naweka 258.

Mteja hakusubiri agizo jipya. Mpangilio wa miguu ni uleule, kwa hiyo nilichomelea nyaya nane nyembamba kama unywele kwenye kimoja cha vile vipunje, nikazishusha kwenye soketi, nikakibana kwa gundi. Sura yake inatia aibu, lakini betri inajaa.