Onta, kijiji ambako kijito ndicho kinachotwanga udongo

Mabasi ya kutoka stesheni ya Hita kwenda Onta ni ya kuhesabu. Nililiwahi la asubuhi, tukapanda abiria watatu na dereva mmoja kuelekea milima ya mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu, Japani, barabara ikizidi kuwa nyembamba kadiri tulivyosogea. Kwa muda niliokaa Fukuoka nilizoea kuona mabakuli ya Onta madukani: ya kahawia, yamepakwa weupe kwa juu, yamejaa vialama vidogo kama vimedonolewa na kuku. Kila nilipoulizia saizi fulani nikaambiwa mzigo haujashuka. Nikasema niende nikaone unakokwama.

Nilishuka nikapokelewa na kishindo. Du! Kimya kidogo, mlio wa mbao inayolalamika, halafu du! tena, mara hii kutoka nyuma ya nyumba nyingine. Hicho ndicho kishindo cha karausu, kinu kinachoendeshwa na maji. Gogo zito limelazwa juu ya mhimili kando ya kijito, ncha moja imechimbwa shimo. Maji yanaingia shimoni hadi gogo linaelemewa na kuinama. Yanamwagika yote, na ncha ya pili inaanguka kwa uzito wake juu ya udongo mkavu. Hakuna mtu aliyesimama hapo. Mchi unajitwangia wenyewe, usiku na mchana.

Udongo wa hapa unachimbwa mlimani jirani, nao hutoka mgumu, karibu na jiwe. Kuulainisha uwe unga huchukua wiki tatu, wakati mwingine hata mwezi. Baada ya hapo bado unakorogwa majini, unachujwa, unaachwa utuame, unakaushwa, ndipo ufae kufinyangwa. Mvua ikikosekana, magogo yanapunguza mwendo. Ikizidi ni balaa: mafuriko ya Julai 2017 yaliyolikumba eneo la Hita yaliharibu na mitambo hii. Kumbe mzigo wangu ulikuwa unakwama hapa, kwenye kijito ninachoweza kukivuka kwa hatua chache.

Mashine ya kusaga udongo ipo Japani, na fedha ya kuinunua nadhani isingekosekana. Lakini Onta ina familia zisizozidi kumi za wafinyanzi, kazi inarithiwa ndani ya nyumba tangu 1705, na udongo wanauchimba pamoja na kugawana. Hawaajiri watu wa nje. Mtu hawezi kufinyanga zaidi ya alichotwangiwa na maji, kwa hiyo hakuna jirani wa kumpita mwenzake mbio. Hata jina la mfinyanzi haliwekwi chini ya bakuli. Linaandikwa jina la kijiji, basi. Yanagi Sōetsu, baba wa harakati ya mingei iliyotetea vyombo vya watu wa kawaida, alifika hapa 1931 akapasifia sana. Mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach naye alikuja 1954, akakaa na kufinyanga. Mwaka 1995 serikali ikaipa kazi hii hadhi ya urithi wa taifa. Sifa zote hizo, na vyombo bado vinaanikwa uani juu ya mbao ndefu, mgeni unapita katikati yake ukikaza viwiko.

Kwenye karakana moja mlango ulikuwa wazi. Kijana alikuwa ameketi kwenye gurudumu analolizungusha kwa mguu, bakuli lililokauka nusu likiwa limefunikwa kichwa chini. Alishika utepe mwembamba wa chuma uliopinda nchani, akaugusisha kidogo tu. Utepe ukaanza kurukaruka wenyewe, trrrr, na kila unaporuka unaparua weupe wa juu na kuacha kijidoa cha udongo mweusi. Kufumba na kufumbua bakuli lote limejaa mistari ya vidoa. Nilitazama mabakuli kadhaa yakipita mikononi mwake, hakuna lililofanana na jingine kabisa, na yeye hakuonekana kujali hilo hata chembe.

Mchana nilikula tambi za soba kwenye mkahawa wa hapo hapo kijijini, vyombo vyote vya Onta. Halafu nikaingia dukani. Mama muuzaji aliniona nikigeuzageuza bakuli la wali nikitazama urembo, akalichukua, akaniwekea kiganjani. Akanionyesha: vidole vinne chini ya kile kikanyagio, duara la kitako ambalo bakuli hukalia, dole gumba ukingoni. Kwetu sahani inakaa mkekani na mkono ndio unaoifuata. Mjapani hunyanyua bakuli lake la wali hadi karibu na kifua, na kikanyagio kile ndicho kinachomwokoa vidole visiungue. Nilijaribu saizi tatu. Kubwa lilikuwa zuri kuliko yote ila lilinielemea; nikachukua la kati, chini ya yeni 3,000, bei ambayo kwa kazi niliyoiona asubuhi ile naiona ndogo mno.

Akilifunga kwenye gazeti alinipa masharti. Kabla ya kulitumia mara ya kwanza, nilichemshe taratibu kwenye maji yaliyooshea mchele, ili vitundu vya udongo vizibe na mchuzi usiingie. Kila siku nililoweshe maji kidogo kabla ya kupakua. Nisiliweke kabatini likiwa na unyevu. “Na ulitumie,” akasema, “usije ukaliweka juu ya televisheni.”