Kikapu cha kahawa

Shangazi katuma tena akamwani kwa basi la Bukoba, ile kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Nilipofungua, harufu ikajaa jikoni. Binti yangu akauliza, "Baba, mbona bibi anatutumia kahawa kila mwaka na yeye mwenyewe hatafuni?"

Ilikuwa Agosti 1984, Kiziba, kwetu Bukoba. Walikuja wazee wa kumposa shangazi. Walikuwa Walutheri, sisi Wakatoliki.

Baba yake babu alikuwa kijana kule Mengo, makao ya Kabaka, Januari 1892, Waganda walioitwa Wafransa na Wangereza walipouana: Wakatoliki upande huu, Waprotestanti ule, kila upande ukitaka Kabaka Mwanga awe wake. Lugard, ofisa Mwingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki. Kanisa la Rubaga likachomwa. Wakatoliki waliokimbilia kisiwa cha Bulingugwe wakafuatwa huko na risasi za bunduki ya rashasha ya Maxim, na wengi wakazama ziwani. Waliosalia wakashika njia ya Buddu, jimbo la Buganda, na wengine wakafika hadi kwetu. Misheni ya Kikatoliki ya Kashozi Askofu Hirth aliifungua mwaka huohuo. Babu alilishwa habari hizi pamoja na ndizi. Wamisionari wa Betheli waliowaletea watu wa Bukoba Ulutheri walifika 1910, miaka 18 baada ya Mengo. Kwa babu hilo halikupunguza kitu. Mprotestanti ni Mprotestanti.

Kwetu mgeni hupewa kahawa kwanza, maneno baadaye. Bibi yangu alinipa kikapu nimpelekee babu awagawie. Nilikuwa na miaka tisa. Mshenga alikuwa mzee mwembamba, koti lake la kijivu halina kifungo cha kati. Aliinama kidogo, akakinga viganja vyote viwili.

Babu akafunika kikapu. Polepole kabisa, kama mtu anayefunika chungu cha maziwa. Akakipakata, mkono juu ya mfuniko.

Yule mzee hakushusha viganja. Niliona mistari yake imejaa udongo wa shamba usiotoka kwa sabuni. Vikaanza kutetemeka, na bado akavikinga, macho chini, kana kwamba kungali na muda. Hakuna aliyekohoa.

"Rudisha ndani," babu akaniambia.

Nikarudisha. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Akafunua kikapu, akaona kimejaa vilevile. Hakulia. Alikifunika tu, akaniwekea mkono kichwani.

Aliolewa hata hivyo, kanisani kwao, na sisi hatukwenda. Babu alifariki 1991 bila kukanyaga nyumbani kwa shangazi. Siku ya mazishi mumewe alikuja, akasimama nje ya ua mpaka watu wakatawanyika.

Nimemweleza binti yangu yote haya. Akanitazama. "Na wewe ukarudisha?"

"Nilikuwa na miaka tisa."

Usiku nilimpigia shangazi kumshukuru. Nilitaka kumwuliza. Akawahi yeye: kahawa imefika kavu, au imepata unyevu njiani?

Nikamwambia imefika kavu.