Mashine Iliyogoma Magharibi

"Fundi, hii loda ni mashine ya mchana," opareta aliniambia siku ile ya kwanza, huku akipangusa chumvi kwenye nyusi. "Ikisikia adhana ya Magharibi, basi. Mkono wa kulia unakufa."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka 29, nina mita mpya ya kidijitali niliyoagiza kutoka Dar es Salaam, na Mwanga nzima, mtaa wetu wa Kigoma mjini, nilijiona ndiye fundi umeme pekee asiyeogopa kontroli boksi, ile kompyuta inayoamrisha mashine. Wenzangu wakikuta gari lina kompyuta walikuna kichwa na kusema, "Hili mpelekee yule kijana." Sasa kijana mwenyewe ndiye unamletea habari za adhana!

Ilikuwa Novemba 2017, mvua zimeshashika Kigoma. Ghala lilikuwa upande wa chini wa mji, mwendo mfupi kutoka stesheni, pale reli ya kati ilipofikia mwisho wake mwaka 1914. Ndani mlikuwa na mlima wa chumvi ya Uvinza, ile inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi. Ilifungwa kwenye viroba, ikapelekwa Kibirizi kwa malori, na kutoka hapo maboti yakaivusha kwenda Kongo na Burundi. Ukikaa humo nusu saa midomo inakauka, na ukilamba mkono wako mwenyewe unadhani umekula mgebuka wa kukaanga.

Kazi ya kuchota ule mlima na kuumwaga mbele ya vibarua wa viroba ilikuwa ya Chura. Ndilo jina walilompa: loda ndogo, fupi, pana, ambayo ikisimama ghafla inaruka kwa mbele. Haina usukani. Magurudumu yake hayakati kona. Ya kushoto yakienda mbele na ya kulia yakirudi nyuma, inajizungusha palepale. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, waliunda ya kwanza ya aina hii mwaka 1957, ikiwa na magurudumu matatu, ili izoe samadi kwenye mabanda ya batamzinga. Nikajisemea, kumbe tangu kuzaliwa kwake mashine hii haijawahi kupewa kazi safi.

Badala ya usukani, opareta anashika vijiti viwili vya kuongozea, ndivyo tunavyoviita mikono. Wa kushoto unaendesha, wa kulia unapandisha na kushusha bumu, yale machuma marefu yanayonyanyua mzigo, na kukunja baketi, ile ndoo ya kuchotea. Kwenye mashine za zamani mkono unavuta chuma, chuma kinafungua vali ya haidroliki, na kikikwama unakiona kilipokwama. Mikono ya Chura ilikuwa ya umeme. Ndani yake hamna kinachovuta kitu. Mna sumaku na kihisi. Boksi linatuma volti 5, mkono unarudisha kiasi kulingana na ulivyousukuma. Ukiuacha katikati unarudisha kama 2.5. Ukiusukuma hadi mwisho inapanda kuelekea 4.5, ukiuvuta inashuka kuelekea 0.5. Hauachiwi kufika sifuri wala 5 kamili, na hilo ni kwa makusudi: boksi likisoma sifuri linajua hapo waya umekatika au plagi imetoka, linakataa kutii na linaandika namba ya kosa kwenye kioo. Haya yote niliyajua. Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma mpaka leo.

Nilifika saa tatu asubuhi. Chura lilifanya kazi vizuri kabisa. Nikakaa kwenye kiti, nikashusha lile bomba la usalama la mapajani (bila hilo mashine haikubali lolote), nikapandisha bumu, nikashusha, nikakunja baketi. Safi. Nikapima betri: volti 12.6. Nikawasha injini: 14.1. Betri yenyewe ilikuwa mpya, fundi aliyenitangulia alikuwa ameibadilisha na tatizo likabaki vilevile. Basi nikazima injini, nikaacha swichi kwenye "on", nikachomoa plagi ya mkono wa kulia nitazame kama ina kutu. Ilikuwa na ukungu mweupe kidogo. Nikaupuliza, nikairudisha, ndipo nikafungua orodha ya makosa.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza: umeme mdogo kwenye kontroli boksi. La pili: mkono wa kulia, ishara imepotea.

Hilo la kwanza nikaliruka. Nimepima betri sasa hivi, iko sawa, hilo litakuwa la enzi za betri ya zamani. La pili nikalidaka kama mwizi aliyekutwa na kuku. Si wanasema mkono wa kulia unakufa? Na mashine yenyewe inakiri!

Mwenye ghala alikuwa mzee wa Ujiji, kofia ya mkono, sauti ya chini, mtu asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umemwona mgonjwa?"

"Nimemwona, mzee. Mkono wa kulia umekufa. Hautengenezeki, unabadilishwa."

Akaniuliza bei. Nikampigia muuza vipuri wa Dar es Salaam palepale, simu ikiwa kwenye spika, ili mzee asikie mwenyewe nisije nikaonekana naongeza cha juu. Shilingi milioni 2.4. Mzee alinyamaza kwa muda, akachezesha tasbihi, akasema, "Una hakika?"

"Mia kwa mia, mzee."

Pesa ikatumwa adhuhuri ile. Opareta alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza. Nilipopita aliniambia tena, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Fundi, lakini hujaiona usiku." Nikamwambia mkono ukifika ataiona usiku na mchana.

Kesho yake jioni nilirudi kwa sababu moja tu, nilikuwa nimesahau spana yangu namba 13. Saa moja hivi, giza linaingia, adhana inasikika kwa mbali kupitia bati. Chura lilikuwa kazini, limechota baketi imejaa, bumu liko juu. Opareta akanyoosha kidole, akawasha taa za kazi, zote nne.

Taa ziliwaka nyekundu. Siyo nyeupe, nyekundu, kama chemli inayokaribia kuishiwa mafuta. Akagusa mkono wa kulia. Taa zikafifia zaidi, kioo kikazimika, kikawaka, kikalia *pii*, na bumu likaganda juu na chumvi yake.

"Umeiona?" akasema. Kisha akafungua mlango aanze kutoka kwa mbele, chini ya baketi.

Nilipiga kelele hata vibarua wakadondosha viroba. Kwenye mashine hii mlango uko mbele, yaani bumu likiwa juu unatokea chini ya mzigo. Nikamwambia akae. Nikamwonyesha kitasa cha dharura cha kushushia bumu, pembeni ya kiti, na kioo cha nyuma kinachosukumwa kikatoka chote ukipata shida. Alikuwa ameendesha Chura miezi minane na hakuna aliyewahi kumwambia. Kila jioni ilipogoma alikuwa anapita chini ya zaidi ya nusu tani. Tukashusha bumu taratibu. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka, yeye anacheka.

Ndipo nikakaa kwenye kiroba na kujiuliza swali ambalo mtoto wa gereji wa wiki ya kwanza angeliuliza. Mkono mbovu unafifishaje taa?

Mkono unatumia umeme kiduchu. Hauna ubavu wa kufifisha hata taa ya dashibodi. Kama taa na boksi vinazimia pamoja, basi vinanyonya ziwa moja, na ziwa hilo ndilo chafu. Mchana taa hazijawashwa, kwa hiyo boksi linapata ya kulitosha na linafanya kazi. Jioni taa nne zinawaka, kila moja wati 55, jumla karibu ampea 18 zinataka kurudi kwenye betri kwa njia ileile inayotumiwa na boksi. Adhana haikuwa na kosa lolote. Ni saa ya kuwasha taa.

Nikafungua tena orodha ya makosa. Kabla sijaisoma, nikakumbuka jana nilivyochomoa plagi swichi ikiwa "on". Nikafuta yote mawili, nikamwambia opareta arudie: washa, taa, gusa mkono. Likagoma. Safari hii kosa lilikuwa moja tu, lile la umeme mdogo. Lile la mkono wa kulia halikurudi. Lisingerudi, kwa sababu niliyelitengeneza ni mimi, kwa vidole vyangu. Boksi liliona plagi imetoka likaandika lilichoona. Haliwezi kujua kwamba aliyeichomoa ni fundi.

Sasa nikapima jinsi nilivyopaswa kupima tangu mwanzo. Siyo betri peke yake, bali njia, na mzigo ukiwa umewashwa. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye bolti ya bodi inayoshika waya za hasi za boksi na za taa. Njia nzuri isingenionyesha hata volti 0.2. Taa zikiwa zimezimwa niliona 0.3, kiasi ambacho mtu mvivu angekisamehe. Taa zilipowaka: 3.8. Opareta alipogusa mkono na koili za vali, zile sumaku za umeme zinazofungua vali, zikaanza kuvuta: 4.6, kisha pii. Katika volti 14 za injini, karibu 5 zilikuwa zinapotelea kwenye kipande cha waya kisichozidi nusu mita. Stata haikuathirika kwa sababu injini ilikuwa na waya wake mnene wa peke yake, ndiyo maana mashine iliwaka kwa nguvu kila mara na kutudanganya sote.

Nikachukua nyaya za kubusti, nikaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na ile bolti. Taa zikawa nyeupe ghafla mpaka vibarua wakaguna. Chura likapandisha, likashusha, likakunja, likazunguka. Opareta alilizungusha mara tatu zaidi ya ilivyohitajika.

Waya wenyewe ulikuwa wa kusuka, umefichwa chini ya sakafu ya kiti, na kwa nje ulikuwa mzima. Nilipoukunja ulivunjika kama biskuti. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Chumvi haihitaji kumwagikiwa maji. Inavuta unyevu hewani yenyewe, inalowa, inaingia chini ya plastiki ya waya polepole, na umeme ukipita hapo kutu inaharakishwa. Pale tulikuwa na chumvi, mvua, na mashine inayooshwa mara moja kwa mwezi kwa ndoo moja.

Usiku ule ule nikakata kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, nikaubana na kuulehemu vichwa viwili vya shaba, nikaosha bolti na bodi kwa maji ya moto kuondoa chumvi, nikazikausha, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza, nikafunika na grisi. Nikapima tena, taa zote zinawaka: 0.08. Vifaa vyote havikufika shilingi 30,000.

Kazi hiyo ilichukua saa mbili. Kwenda kumwambia mzee kulichukua muda mrefu zaidi. Nilipita mara mbili mbele ya ofisi yake asubuhi nikijifanya naongea na simu. Mwishowe nikaingia, nikamweleza lote, pamoja na habari ya plagi. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo yule aliyeniambia ni adhana alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akamwita opareta, akampa elfu 50 mbele yangu. Mimi hakunipa kitu, na sikutegemea.

Nilimpigia muuza vipuri asimamishe mzigo. Akaniambia upo kwenye basi, na kifaa cha umeme kikishatoka dukani hakirudi. Ukafika siku ya nne, kwenye boksi lenye sponji, mzuri kama saa ya harusi. Tukakubaliana na mzee tugawane hasara nusu kwa nusu, na nusu yangu nikailipa kwa kumhudumia Chura na malori yake mawili bila ujira mpaka deni likaisha. Ilichukua mwaka na miezi.

Ule mkono upo mpaka leo kwenye rafu ya ofisi yake, kati ya redio na mzani, plastiki haijatolewa. Nikienda kumsalimia, namwamkia, anaitikia, halafu anainua kidevu kuelekea rafuni.

"Na mwenzako yule pale," anasema. "Hajambo. Magharibi na asubuhi."