Upasuaji wa kikwapa, kama nilivyoupitia

Kazi yangu ni ushonaji, na fundi wa nguo hana namna ya kukaa mbali na watu. Ukimpima mteja kifua unamzungushia utepe mgongoni, mkono wako uko juu na kwapa lako liko usoni pake. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi nikiwa na kikwapa kikali. Tangu nifanyiwe upasuaji, watu wananiuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kwa hiyo naandika hapa wasome wote.

Nilikuwa naoga asubuhi na jioni. Nilinyoa, nikabadilisha sabuni, nikapaka shabu, nikapaka limau mpaka ngozi ikaungua. Kumwambia mtu kama huyo "oga vizuri" ni kumwonea. Jasho likitoka kwenye tezi halina harufu. Kwapani kuna tezi za aina mbili: ekrini, ambazo zimeenea mwili mzima kwa mamilioni na hutoa maji na chumvi ya kuupoza mwili, na apokrini, ambazo huanza kazi wakati wa balehe na hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Bakteria wa ngozi, hasa wa jamii ya Corynebacterium na Staphylococcus, huyavunjavunja majimaji hayo, na mabaki yake ndiyo yanayonuka. Sabuni inawapunguza bakteria kwa muda tu. Tezi haziguswi.

Daktari alianza kwa kuniuliza kama nta ya masikio yangu ni kavu au ya kunata. Nilishangaa. Kumbe mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni iitwayo ABCC11 ndiyo inayoamua aina ya nta, na baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyohiyo inahusika na harufu ya kwapa. Wenye nta kavu, ambao ni wengi Asia Mashariki, kwa kawaida hawana kikwapa. Kisha akaniwekea kipande cha shashi kwapani, tukasubiri, akakinusa. Aliniambia wapo wanaokuja wakilalamikia harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia, na hao hawapaswi kupasuliwa, wanahitaji msaada wa aina nyingine. Pale nikamwamini.

Tulizungumzia sindano za botoksi, ambazo hupunguza jasho kwa miezi kadhaa kisha zinarudiwa. Mimi sikutaka kitu cha kurudiarudia, nikachagua upasuaji wa kutoa tezi za apokrini kwa mkato mdogo.

Ganzi ilikuwa ya kwapa tu, nikiwa macho. Walidunga maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokeini ya kuzuia maumivu na adrenalini ya kubana mishipa ya damu, mpaka kwapa likavimba na kuwa gumu. Mkato ulikuwa mfupi, haufiki sentimita moja. Hapo aliingiza mrija mwembamba wenye ukingo wa kukwangua, uliounganishwa na mashine ya kuvuta, akafanya kazi upande wa ndani wa ngozi, kama fundi anayerekebisha bitana kupitia upenyo aliouacha kwenye pindo. Nilisikia kuvutwa na kusukumwa, maumivu hapana.

Ugumu wote uko kwenye unene wa ngozi inayobaki. Tezi za apokrini zimekaa mpakani, pale ngozi inapokutana na mafuta, nyingine zimejikita ndani ya ngozi yenyewe. Kuvuta mafuta peke yake hakutoshi, lazima ngozi ikwanguliwe kwa chini. Ikikwanguliwa kupita kiasi inakosa damu na kufa, ikiachwa nene tezi zinabaki na harufu inarudi. Mashine haiamui hilo. Ni mkono wa daktari, na ndiyo sababu siwezi kumshauri mtu yeyote amfuate asiye mpasuaji aliyezoea kazi hii.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Ngozi iliyotenganishwa inatakiwa ishikane upya na nyama ya chini, na damu au maji yakijikusanya katikati haishikani. Nilifungwa pedi za shashi kwa kubanwa sana, nikakatazwa kuinua mikono kupita mabega. Dada yangu ndiye aliyenichana nywele na kunivalisha. Mkasi wa kukatia vitambaa sikuugusa. Baadaye kwapa lilikuwa na michubuko, ganzi kidogo, na uvimbe mgumu chini ya ngozi uliolainika polepole sana. Nywele zimerudi chache.

Harufu imepungua mno. Haijafika sifuri, kwa sababu hakuna anayetoa tezi zote, na bado napaka deodoranti. Lakini sasa inanitosha, zamani haikufika mchana. Na jasho la kuupoza mwili linatoka kama kawaida kwingineko.

Ukiamua kwenda, muulize daktari ameshafanya upasuaji huu kwa watu wangapi, atafanya nini damu ikijikusanya usiku wa kwanza, na ni lini utaruhusiwa kuinua mikono. Mwambie dawa zote unazotumia, hasa za kuifanya damu iwe nyepesi. Na kama una kovu lolote mwilini lililowahi kuvimba na kukua kupita kidonda chenyewe, mwonyeshe kabla hajashika wembe.