Peugeot Iliyokunywa Upepo

Kwa karibu mwaka mzima baba mkubwa hakuegesha Peugeot 404 yake bila kwanza kuigeuza itazame Ziwa Kivu, kule mteremko unakoelekea. Nyumba yake iko mtaa wa Nguba, na sisi watu wa Bukavu, mji wa vilima mashariki mwa Kongo, mahali tambarare tunapahadithiwa tu. Gari ikilala pua chini, asubuhi iliwaka. Ikilala pua juu, ungezungusha ufunguo mpaka betri inyamaze.

Pampu yake ya asili ya mafuta, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, ilikuwa imekufa zamani. Fundi mmoja aliitoa akafunga ya umeme, tena akaifunga mbele, jirani na kabureta inayochanganya mafuta na hewa, kwa kuwa waya uliishia hapo. Mimi nilikuwa mwanafunzi likizoni, nimejifunza kushika spana mbili tatu na tayari najiita fundi. Nikasema pampu ni mbovu. Baba mkubwa akatoa dola 35, tukafunga mpya. Siku ya tatu, yale yale. Nikamnunulisha nyingine. Safari hii hakunisema, na kwa anayemjua, hilo ni baya kuliko matusi.

Ikatuzimikia siku moja tukitoka Place Major Vangu. Tulikuwa tunakwenda mtaa wa Essence, yaani Petroli kwa Kifaransa, na vijana wa barabarani hawakuiacha nafasi hiyo: "Papa, esansi iko mbele tu, sukumeni!" Kadhafi mmoja, ndivyo tunavyowaita wauza mafuta ya bidoni, yaani ya madumu, akatuhurumia, akamwita mzee fundi kutoka Kadutu.

Mzee hakugusa kitu. Aliniambia nifungue ufunguo, akainamisha sikio. Taka-taka-taka-taka, mbio mbio.

"Unasikia? Pampu ikishiba inahesabu polepole. Hii iko inakunywa upepo."

Akachomoa mpira unaoingia kwenye pampu, akafunga mwingine badala yake na kuuchovya kwenye bidoni ya kadhafi. Taka-taka-taka... tak... tak... tak. Injini ikawaka. Nilitamani ardhi inimeze, kwani pampu zote mbili nilizozilaani zilikuwa nzima.

Tukazima, akaingia chini ya gari upande wa tangi. Kati ya tangi na bomba la chuma kulikuwa na kipande cha mpira, urefu wa kidole. Kwa macho kilikuwa kizuri, kikavu kabisa. Akakikunja kidogo, zikafunguka nyufa nyembamba kama za kisigino wakati wa kiangazi.

"Lakini hakivuji, mzee," nikasema.

"Kitavuja nini, mutoto? Huku ni upande wa kuvuta. Hakitoi mafuta, kinaingiza hewa."

Nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikitafuta unyevu! Hewa ile ilikuwa ikiingia usiku pia: gari ikilala pua juu, pampu inakuwa juu sana kuliko tangi, mafuta yote ya kwenye bomba yanarudi nyuma taratibu. Asubuhi pampu inakuta bomba tupu, na pampu za namna ile zina nguvu ya kusukuma, si ya kuvuta. Tena hapa tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa inayoyakandamiza mafuta yapande ni nyepesi kuliko ya pwani.

Mzee alibadilisha mpira, akatia vibano vipya, halafu akafanya lile ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo: akahamishia pampu nyuma, chini kuliko tangi, chujio likitangulia, waya mrefu ukiwa na fyuzi yake. Kazi ya mchana mmoja. Alichodai hakikufika hata bei ya pampu moja.

Jioni hiyo niliiegesha pua juu makusudi. Alfajiri nikafungua ufunguo: taka-taka, tak, tak. Ikawaka mara moja. Baba mkubwa alitoka na kikombe chake cha chai, akasikiliza, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akachukua ufunguo, akaigeuza gari itazame ziwa.