Kufuata Maji ya Baridi Ziwa Michigan

Ukitoka Chicago kwenda kuvua samoni Frankfort, mji mdogo wa bandari jimboni Michigan, kwa gari unalizunguka Ziwa Michigan kwa kusini, unakatiza kona ya Indiana, kisha unapanda kaskazini, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Miji ya ufukweni inapita mmoja baada ya mwingine: Grand Haven, Muskegon, Ludington, Manistee. Kila barabara ilipokaribia maji nilitafuta ng'ambo nisiione. Nilishasoma kwamba ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 58,000 na kwamba kina chake kirefu kabisa ni mita 281, lakini tarakimu hizo ziliniingia vizuri nilipoiona mashua tutakayokwenda nayo.

Ni mashua ya shemeji yangu, mume wa dada, aliyeishi Michigan miaka mingi. Ni ya alumini, urefu wake mita tano na nusu, na ina injini mbili: kubwa ya kukimbilia na ndogo ya kurambazia, yaani kukokota chambo polepole nyuma ya mashua. Kila Agosti huivuta kwa tela mpaka Frankfort, na sababu yake nzuri ni kina cha pale. Ukitoka kati ya zile kuta mbili za mawe zinazovunja mawimbi mlangoni mwa bandari, sakafu ya ziwa inateremka upesi, hivyo maji marefu yako karibu na nchi kavu. Mwenye chombo kidogo halazimiki kwenda mbali ili afike waliko samaki, na akitaka kurudi, kurudi si safari.

Jioni tulipanga vifaa uani. Kibali changu cha kuvua nilikuwa nimekwisha kukinunua kwa simu. Sheria ya Michigan inamruhusu kila mvuvi mishipi mitatu, maana yake sisi wawili tungeweza kukokota sita. Nilimuuliza mbona anapakia fimbo nne tu.

"Shemeji, kwenye chombo hiki mshipi wa tano ni wa kutafutia fundo," alinijibu.

Mbili kati ya hizo nne zilikuwa za kwenda chini moja kwa moja. Nyuma ya mashua, kila upande, kuna winchi ndogo yenye waya, na mwisho wa waya kuna chubwi la risasi la kilo nne na nusu hivi. Mshipi wa fimbo unabanwa kwenye waya kwa kibanio, chubwi linashushwa hadi kina unachokitaka, na chambo kinafuata nyuma yake. Samaki akipiga, kibanio kinauachia mshipi, na kuanzia hapo unapambana naye bila uzito mwingine. Fimbo mbili nyingine zilifungwa vibao vya duara vya plastiki ambavyo, vikivutwa na maji, huzama na kwenda pembeni, kimoja kulia na kingine kushoto. Kwa mpango huo chambo vinne vinapita kwenye kina tofauti bila kugusana.

Tuliondoka gatini saa kumi na moja alfajiri, giza bado zito. Frankfort iko magharibi kabisa mwa eneo la majira yake, kwa hiyo jua la Agosti linachelewa kuchomoza, na shemeji aliutaka muda huo wa giza. Alichukua tochi akavimulika chambo vya bati vyenye umbo la kijiko, vilivyopakwa rangi inayokunywa mwanga na kuutoa polepole. Vilipoingia majini viling'aa kijani, na maji yalikuwa maangavu mno hata nikaviona vikishuka kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Uangavu ule una kisa chake. Kome wadogo waitwao kwaga, waliofika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kutoka upande wa Bahari Nyeusi ndani ya maji ya kusawazishia meli, wametapakaa kwenye sakafu ya Ziwa Michigan na wanachuja viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo vinavyolisha kila kitu kingine. Mgeni anayasifia maji kwa usafi. Mvuvi wa pale anayatazama akijua kwamba chakula kimepungua.

Shemeji hakuanza kwa kutafuta samaki. Alianza kwa kutafuta joto. Kwenye moja ya machubwi kuna kipimo kinacholeta juu nyuzi za maji ya chini pamoja na mwendo wa chambo huko huko kilipo. Kinasoma Farenhaiti, kama vipimo vyote vya nchi ile. Hapa naandika kwa Selsiasi. Juu palikuwa na nyuzi 21. Tukashusha: mita kumi, bado 20. Mita kumi na tano, 18. Halafu, ndani ya mita chache tu, namba zikaanza kuporomoka: 15, 13, 11. Kiangazi maji ya ziwa hili hujipanga matabaka, ya moto juu na ya baridi chini, na baina yao kuna ukanda mwembamba ambamo joto linashuka ghafla. Samoni mkubwa wa hapa, chinuki, ambaye wavuvi humwita Mfalme, anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi. Hakai juu kwa sababu ni moto, na chakula chake nacho kimejikusanya karibu na ukanda ule.

Nilikuwa nimekuja nikidhani kazi ya siku itakuwa kukisia samaki yuko wapi kwenye uwanda wa maji usio na alama. Baada ya nusu saa nikaelewa kwamba uwanda wenyewe si hoja kubwa. Unatafuta ukanda wenye unene wa mita chache, unakiweka chambo ndani yake, unakishikilia humo. Nakiri huo ndio uvuvi ulionivutia kuliko wote niliopata kuuona, kwa sababu karibu kila kitu kinachoamua kiko pasipoonekana na bado kinajulikana.

Jambo la pili ni mwendo. Tulirambaza kwa kilomita nne kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Lakini kuna mikondo chini ambayo ukiwa juu huwezi kuihisi, na chambo kinaweza kuwa kinakwenda taratibu mno wakati mashua inasoma sawasawa. Kuelekea kaskazini mambo yalikuwa kimya. Tulipogeuka kusini, kasi ya juu ikiwa ile ile, kipimo cha chini kilipanda. Shemeji aligeuza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, akinieleza: mashua ikikata kona, chambo cha ndani kinapunguza mwendo na kuzama, cha nje kinaongeza mwendo na kuinuka. Fimbo itakayopigwa kwenye kona inakwambia samaki wa leo wanataka nini.

Ilipigwa ya nje.

Fimbo ilinyooka juu ghafla kibanio kilipoachia, kisha ikapinda mpaka ncha ikaelekea majini, na gurudumu la mshipi likalia. "Chukua, shemeji, chukua! Usimzuie, mwache aende!" Nikashika. Samaki yule alikimbia nyuma yetu kwa nguvu iliyonyooka, bila kutikisa kichwa, na mshipi ulitoka kwa muda ambao nilianza kuona chuma cha gurudumu chini ya uzi. Kwenye meli kubwa ya kukodi wapo mabaharia wa kukusanya fimbo nyingine. Hapa shemeji alikuwa baharia na nahodha kwa pamoja. Hakuizima injini. Alituweka mbele polepole, kwa sababu mashua ikisimama machubwi yananing'inia, vibao vinapoteza mwelekeo na mishipi yote inakuwa kitu kimoja. Huku akiongoza kwa goti alivuta fimbo ya upande ule akaiweka kando.

Mara tatu samaki alikaribia, akaiona mashua, akaondoka tena. Mara ya mwisho alizama wima chini ya injini, na ilinibidi kutia ncha ya fimbo majini ili mshipi usiguse panga la rafadha. Hatimaye akalala ubavu, shemeji akampitishia wavu wa mpini mrefu kuanzia kichwani. Alikuwa na kilo nane, mgongo wa kijani kilichoiva uliotapakaa madoa meusi, ufizi mweusi. Ni mkubwa wa kutosha, ingawa ziwa hili lina wakubwa zaidi: mwaka 2021 alivuliwa karibu na Ludington chinuki wa kilo 21.7, na ndiye rekodi ya jimbo.

"Tazama hapa," shemeji alisema, akionyesha pezi dogo lenye nyama lililo kati ya pezi la mgongoni na mkia. Chinuki wanaolelewa kwenye mabwawa ya serikali hukatwa pezi hilo, na wengine huingizwa puani kipande kidogo cha waya chenye namba. Huyu alikuwa nalo. Alizaliwa mtoni.

Niligusa pezi lile kwa kidole nikashindwa kuondoa mkono upesi, kwa sababu nilijua habari za ukoo wake. Chinuki si wa ziwa hili. Mwenyeji wa hapa alikuwa trauti wa ziwani, akaangamizwa na uvuvi wa kupindukia pamoja na lampri, samaki mfano wa mkunga anayejibandika kwa mdomo wenye meno na kunyonya damu, ambaye alifika Ziwa Michigan katika miaka ya 1930 baada ya mfereji wa Welland kumfungulia njia ya kupita maporomoko ya Niagara. Mla wenzake alipokwisha, wakazaana alewaifu, samaki wadogo wa fedha kutoka Atlantiki, hadi kiangazi cha 1967 walipokufa kwa mabilioni na fukwe zikanuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo Howard Tanner, mkuu wa uvuvi wa jimbo, alikuwa ameshaanza jaribio lake: samoni wadogo aina ya koho, waliototolewa kutokana na mayai ya Oregon, waliachiwa mto Platte, kilomita chache kaskazini mwa tulipokuwa tukirambaza, na kijito cha Bear Creek. Chinuki wakafuata 1967. Watu wa Ziwa Victoria wana sangara, nao wanajua vizuri ziwa linavyoweza kubadilika kwa uamuzi wa watu wachache. Hapa wajukuu wa samaki wale wamejifunza mito ya Michigan, na chinuki wengi wa ziwa hili siku hizi huzaliwa wenyewe mitoni bila kupandwa, yaani bila kuletwa kutoka mabwawani.

Kumbe kuna deni pia. Chinuki anategemea alewaifu kwa chakula, na alewaifu wanategemea kile ambacho kome wanakimaliza. Katika Ziwa Huron lililo upande wa pili wa jimbo, idadi ya alewaifu iliporomoka mwaka 2003 na 2004, na chinuki wakafuata. Ndiyo maana mwaka 2013 idadi ya chinuki wanaopandwa Ziwa Michigan ilipunguzwa kwa nusu. Kuna wavuvi walioumia kwa uamuzi ule. Kwangu mimi ulikuwa uamuzi wa busara, na tumbo la samaki wetu, tulipolipasua baadaye bandarini, lilijaa alewaifu wazima.

Tulipata mwingine, mdogo kidogo, na wa tatu akajing'oa. Jua lilipopanda, pinde zilizokuwa zikionyesha samaki kwenye kioo cha sona, kifaa kinachopima chini kwa mwangwi wa sauti, zilishuka, nasi tukashusha machubwi hadi mita ishirini na nane. Walikuwa bado wanapiga pale shemeji aliponyoosha kidole kusini-magharibi. Sikuona kitu ila mstari uliokoza kidogo kwenye upeo wa maji. "Tunakunja."

Hakukuwa na mjadala. Mishipi ilikuwa ndani kabla mawimbi ya kwanza hayajatufikia. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yamesimama wima, moja halijapita la pili limefika, na chombo cha mita tano na nusu hakipati nafasi ya kupumua katikati. Kila mmoja wetu alikuwa na jaketi la kuokolea mwilini tangu gatini, na kamba ya kuzimia injini ilikuwa imefungwa kwenye la shemeji. Tukiwa njiani alinionyesha upande wa ghuba ya Platte. Tarehe 23 Septemba 1967, koho walipokuwa habari mpya na watu wamekuja kutoka kila upande na vyombo vya kila namna, mamia ya mashua ndogo yalikuwa majini pale dhoruba ilipofika. Watu saba walikufa. Wengi walikuwa wameonywa, lakini samaki walikuwa wakila.

Siku ya pili hatukutoka. Upepo uligeuka ukavuma kutoka mashariki mchana kutwa na usiku kucha. Nilidhani safari imekwisha, lakini shemeji alikuwa na furaha. Upepo wa nchi kavu, alisema, unasukuma maji ya moto kwenda Wisconsin, ng'ambo ya ziwa, na ya baridi yanapanda kujaza nafasi. Asubuhi iliyofuata, upepo ukiwa umetulia kuwa mwanana na maji ya pwani yamelala, tulitoka bandarini tukashusha kipimo kabla hata ya kufika mbali na mawe. Juu palikuwa na nyuzi 14. Kwenye mita tisa tukasoma 11, mahali ambapo siku mbili nyuma pangekuwa moto kama bafuni. Tukabana mishipi mifupi, tukaanza kukokota tukifuata ufuko kuelekea mnara wa taa wa Point Betsie, shemeji akihakikisha hatuondoki nchi kavu zaidi ya tulivyokubaliana, kwa kuwa upepo ule ule uliowaleta samaki ndio unaoweza kumpeleka mtu kati ya ziwa injini ikimgomea. Fimbo ya kwanza ilipigwa tukiwa bado tunaifunga ya tatu.